Nguo za Mtoto wa Jirani

Jumamosi asubuhi duka la vifaa vya ujenzi lilijaa mpaka watu wakawa wanapitana ubavu. Kila mtu alikuwa anajenga, au anadai anajenga. Mmoja kabeba bomba begani bila kujali anamgonga nani, wawili wanagombania mfuko wa saruji, na wengine walikuja kushika vigae tu na kuvirudisha rafuni, maana kuota hakulipiwi. Foleni ya kulipia ilizunguka mpaka kwenye makopo ya rangi. Katikati ya foleni hiyo alisimama mkunga, kavaa sweta la njano juu ya sare ya hospitali, mkononi ana fimbo ya pazia ndefu kuliko yeye mwenyewe. Alikuwa ametoka zamu na macho yake yalikuwa mazito.

Mbele yake alisimama mwanamume wa ovaroli la buluu lililopauka magotini, penseli kaibana sikioni, akisukuma toroli lililosheheni maboksi ya balbu. Mkunga aliyatazama yale maboksi, akaitazama foleni isiyosogea, na uchovu ukamfungua mdomo.

"Kaka, unakwenda kuwasha uwanja wa mpira?"

Mwanamume akageuka haraka, ncha ya fimbo ikamgonga kidevu. Mkunga akaomba radhi huku anazuia kicheko, na hakufanikiwa. Yule bwana akajisugua kidevu, akasema yeye ni fundi umeme tu, balbu ni za zile nyumba mpya zenye mapaa mekundu, kule katikati ya miji miwili.

"Mimi nakaa huko," mkunga akasema. "Mtaa wa mwisho."

"Unakaa? Kabisa, unalala huko?"

"Sasa nilale wapi, na nyumba ni yangu?"

Fundi alimtazama kwa muda mrefu kuliko inavyoruhusiwa kwenye foleni, mpaka watu wa nyuma wakaanza kuguna. Kisha akasema "karibu," neno ambalo halikuwa na sababu ya kusemwa pale, na akamwomba amruhusu kumbebea ile fimbo kabla haijamtoa mtu jicho. Alasiri hiyo hiyo akaenda kuifunga, na alipomaliza akakaa kunywa chai. Kikombe kimoja kikawa viwili, na wiki iliyofuata akarudi kutazama kama fimbo bado imekaza. Ilikuwa imekaza, naye alilijua hilo tangu nyumbani kwake.

Niseme kidogo juu ya nyumba hizo, kwa sababu zinaniudhi. Upande mmoja kuna mji wa kiwanda, upande wa pili mji wa chuo, na zamani kati yao palikuwa mashamba na vichaka. Watu wakaongezeka. Katika mji wa chuo wodi ya wazazi ililaza akina mama wawili kitanda kimoja, na shule zikafundisha kwa zamu. Katika mji wa kiwanda chumba kimoja kiligawanywa kwa pazia ili familia mbili zipate pa kulala. Ndipo kampuni ikainunua ile ardhi ya katikati na kupandisha nyumba, mtaa baada ya mtaa, zote sura moja. Kwenye bango barabarani ikachora baba, mama na watoto wanaocheka meno yote thelathini na mawili. Chini yao iliandikwa kwamba miji miwili itakutana hapa.

Nyumba karibu zote zikanunuliwa, lakini na watu wasiokuwa na shida ya nyumba. Wengi walikuwa mbali, wanangoja bei ipande ndipo wauze. Wale wa nyuma ya pazia walibaki nyuma ya pazia. Ukipita mchana ungeona mitaa imefagiwa, miti imepandwa kwa mstari, na hakuna hata paka wa kukimbiza.

Mkunga hakulijua hilo aliponunua. Alichukua mkopo wa watumishi, akachagua nyumba yenye dirisha kubwa sebuleni, akahamia kwa furaha ya mtu aliyefika. Kazini alishinda kati ya vilio vya watoto wachanga na akina mama wanaoita jina lake la kazi kutoka kila kitanda. Akirudi nyumbani alisikia ndala zake mwenyewe. Upweke ulimpata taratibu, na alipoutambua ulikuwa umeshajipangia vyumba vyote, ukimwachia jikoni na kitanda.

Kilichomtuliza ni nyumba ya mbele. Jioni taa yake iliwaka sebuleni, nyuma ya pazia la kijani. Uani, juu ya ukuta mfupi, ilionekana kamba ya nguo: gauni la maua, shati la kazi, na fulana ndogo ndogo za mtoto. Watu wenyewe hakuwahi kuwaona. Aliwahi kugonga mara moja, hakujibiwa, akaamua kwamba nao ni watu wa zamu, wanaondoka yeye akiwa amelala na kurudi yeye akiwa kazini. Nyumba ya kona nayo ilikuwa na taa, na ile ya pili kutoka kona ilikuwa na baiskeli ya mtoto mlangoni. Basi jioni aliinua mkono dirishani na kusema "za jioni, majirani," halafu akavuta pazia lake na kuendelea na shughuli.

Mapenzi yake na fundi yalikua kwenye simu zaidi kuliko ana kwa ana, kwa sababu zamu zao hazikupatana.

"Umefika salama, mpenzi?" fundi aliuliza jioni moja.

"Nimefika. Nimekuta kimya changu kinanisubiri mlangoni."

"Usiseme hivyo."

"Ngoja kwanza niwasalimie majirani." Fundi akasikia pete za pazia zikiteleza kwenye fimbo aliyoifunga yeye. "Wamewasha. Basi nimetulia. Unajua, ile taa ndiyo inanipa usingizi. Ukiniuliza nampenda nani zaidi, wewe au ile taa, nitakuomba unipe muda nifikirie."

"Nitakwenda kuikata."

"Ukithubutu, tumeachana."

Walicheka wote wawili, ila kicheko cha fundi kilikatika mapema.

Maana fundi alijua. Ile taa aliiwasha yeye. Nyumba ya mbele haikuwahi kulaliwa na mtu, wala ya kona, wala yenye baiskeli. Kampuni iligundua kwamba mnunuzi akija na kukuta mtaa mtupu anaondoka na pesa zake, kwa hiyo meneja akawapa mafundi kazi ya ziada. Wafunge swichi zenye saa, balbu zijiwashe jioni na kuzimika zenyewe, wapachike mapazia, na kwenye kamba waanike nguo za mitumba, wazibadilishe mara kwa mara zisije zikapauka. Atakayefungua mdomo, kazi hana. Fundi aliona ni upuuzi wa wakubwa, akaufanya bila kuufikiria. Hakutegemea kwamba siku moja mtu atahamia kweli na kuziamini zile nguo, na kwamba mtu huyo atavaa sweta la njano na kumgonga kidevu.

Alikusudia kumwambia, nampa haki yake. Alikusudia tangu kikombe cha kwanza cha chai. Kila alipotaka kuanza, mkunga alisema jambo kuhusu majirani, na uso wake ukachangamka, naye fundi akamezea maneno na chai pamoja.

Siku moja mkunga alimpigia akiwa na wasiwasi.

"Fundi wangu, yule mtoto wa mbele hakui."

"Mtoto gani?"

"Wa majirani. Sijamwona, ila naziona nguo zake. Tangu nihamie ni fulana za mtoto wa miezi mitatu. Mimi hii ndiyo kazi yangu, siwezi kukosea. Mtoto asipoongezeka, kuna jambo. Kesho nitagonga mpaka wafungue."

Fundi alibabaika. Akamwambia asigonge, watu wa siku hizi hawapendi kuingiliwa nyumbani kwao, pengine mama wa mtoto atakasirika. Aliahidi kumuuliza mlinzi wa getini. Asubuhi akaenda mwenyewe kwenye mitumba, akapekua rundo la nguo za watoto mpaka mama muuzaji akamuuliza mwanawe ana umri gani. Akaonyesha kwa viganja, urefu wa hivi. Alirudi na fulana kubwa kidogo na suruali yenye bata gotini. Akazianika kwa uangalifu, kibanio kwa kibanio, na bata akamgeuzia barabarani.

Jioni simu ililia.

"Amekua," mkunga alisema. "Leo nimeona suruali, ina bata. Ameanza kutambaa huyo, ndiyo maana wamemvika suruali. Wewe utaniona mjinga, lakini nimelia."

Fundi alimwambia si mjinga. Alipokata simu alikaa kwenye ngazi yake ya kazi, moyo unamuuma na wakati huo huo umejaa raha, na hakujua afanye nini na hali hiyo. Tangu siku hiyo akawa mlezi wa nguo. Aliziongeza saizi kidogo kidogo, mwezi kwa mwezi. Aliweka soksi moja bila mwenzake, kwa sababu aliwahi kusikia akina mama wakilalamika kwamba soksi za watoto hupotea. Taa zilikuwa uongo wa kampuni. Bata alikuwa wake mwenyewe, na alimfanya kwa mapenzi, jambo ambalo halimsafishi hata kidogo.

Sasa kuna mama mzazi wa mkunga. Huyu aliishi mji wa kiwanda, chumba kimoja na binti yake mkubwa na wajukuu, karibu na mabomba ya moshi. Kifua kilimsumbua, na daktari alikwisha sema ahame. Kwa kweli mkunga aliinunua ile nyumba kwa ajili yake. Chumba chenye jua la asubuhi kilitandikwa tayari, na kila Jumapili binti alimbembeleza, na kila Jumapili mama alikataa.

"Mwanangu, hapa nakohoa, lakini nakohoa watu wakinisikia," alisema. "Huko kwenu nitakwenda kuzungumza na kuta?"

Mkunga akamweleza kuhusu majirani, taa, baiskeli, na mwishowe yule mtoto aliyekuwa hakui na sasa anatambaa. Mama alikuwa amelea watoto wa mtaa mzima, na habari ya mtoto aliye karibu ilimgusa kuliko habari ya hewa safi. Akauliza mtoto anaitwa nani. Mkunga akasema hajui bado. Mama akasema hilo ni aibu, atakwenda kuuliza mwenyewe. Hivyo ndivyo alivyokubali kuhamia, akaanza kugawa vyombo vyake. Wakapanga aje Jumamosi kuona nyumba, na jioni fundi naye aje kutambulishwa rasmi.

Mama alifika mapema kuliko walivyotarajia, kwa lifti ya jirani yake mwenye gari. Alivaa gauni lake la heshima la zambarau na kilemba cha rangi hiyo hiyo. Alikagua vyumba, akasifu jua, akaketi dirishani na kikombe cha chai. Mkunga alikuwa jikoni anaosha sahani mama alipoita.

"Njoo umwone jirani yako. Mwanamume mzuri huyu, anaanika nguo za mtoto mwenyewe. Wa siku hizi ni wachache."

Mkunga akaja huku anajifuta mikono. Nje, uani kwa jirani, juu ya ule ukuta mfupi, fundi wake alikuwa anakung'uta suruali yenye bata. Aliinyoosha, akaibana kwenye kamba, akarudi nyuma hatua moja kuitazama, akaisogeza kidogo. Halafu akatoa ufunguo mfukoni na kuingia ndani.

"Ndiye baba wa mtoto?" mama akauliza.

"Ndiye," mkunga akasema.

Akavuta pazia. Alimwambia mama kwamba kichwa kinamuuma, na kwamba mgeni wa jioni amepata udhuru. Kisha akaenda chumbani na kukaa sakafuni, upande wa pili wa kitanda, mama asimwone. Mambo mengi yakamrudia kwa pamoja: alivyoambiwa asigonge, fundi alivyobabaika siku ile, kicheko chake kilichokatika kwenye simu. Ana mke, akajiambia. Ana mke na mtoto, mbele ya macho yangu, na mimi nilimlilia mtoto wake. Aliona wivu, aliona aibu, na zaidi ya yote alijiona mpumbavu. Jioni simu iliita mpaka ikachoka. Aliizima.

Fundi alikuja akagonga, akafunguliwa na mama, ambaye alimtambua mara moja kuwa ndiye jirani na kumpongeza kwa kusaidia kazi za nyumbani. Alimuuliza mtoto hajambo. Fundi alisimama mlangoni na shati lake jeupe lililopigwa pasi. Mwisho akaamkia tena, ingawa alikwisha amkia, akaondoka. Aliona pazia la chumba cha mkunga limefungwa na akaelewa.

Siku zilizofuata alipiga bila kujibiwa. Alituma ujumbe, haukusomwa. Mwishowe akaenda hospitali, akasimama kwenye geti la wodi ya wazazi kati ya akina baba waliobeba mabeseni na chupa za chai, kila mmoja akingoja kuitwa. Mkunga alipotoka alimpita. Fundi akamfuata.

"Mkeo anaendeleaje?" mkunga aliuliza bila kugeuka.

"Sina mke."

"Na mtoto? Ameanza kusimama?"

"Hakuna mtoto. Nisikilize, tafadhali. Hakuna mtu yeyote mle ndani."

"Nimekuona kwa macho yangu."

"Umeniona mimi. Ni mimi tu siku zote. Njoo nikuonyeshe, halafu ukitaka usiniangalie tena."

Walikwenda alasiri hiyo. Fundi akafungua mlango wa nyumba ya mbele. Sebule ilikuwa tupu. Balbu ilining'inia juu, na ukutani palikuwa na swichi yenye saa ndogo inayogonga. Sakafuni vumbi lilikuwa limetanda, na juu ya vumbi nyayo za mtu mmoja, kutoka mlangoni hadi kwenye swichi, kutoka kwenye swichi hadi mlango wa uani. Mkunga alipita chumba hadi chumba. Jikoni hapakuwa na hata kijiko. Katika chumba kidogo alikuta mfuko wa nguo za mtoto zilizokunjwa vizuri, kuanzia ndogo hadi kubwa, na nyingine ambazo zamu yake haijafika.

Akachukua fulana moja, ya mtoto wa mwaka na nusu hivi, akaishika muda mrefu.

"Na nyumba ya kona?"

"Taa."

"Na ile yenye baiskeli?"

"Baiskeli ni ya kampuni."

"Nimewapungia mkono," mkunga alisema. "Kila siku. Nilikuwa naaga nikienda kazini."

"Najua."

"Wewe ulikuwa unajua na ukaniacha."

"Ulisema ile taa ndiyo inakupa usingizi. Nikaona nikikwambia nitakuwa nimekunyang'anya. Na nilipoanza na zile nguo kubwa nikashindwa kuacha. Nilitaka umwone anakua."

Mkunga aliketi chini, kwenye vumbi, na sare yake safi. Fundi alidhani atapigwa kofi au atatukanwa, na angeshukuru.

"Afadhali ungekuwa na mke," mkunga akasema polepole. "Ningeumia, ningewachukia wote wawili, lakini ningekuwa na jirani. Mama yangu amegawa vyombo vyake kwa ajili ya mtoto huyu. Sasa nikamwambie nini?"

Mkunga akainuka, akaikunja ile fulana kama alivyoikuta, akairudisha kwenye mfuko, akavuka barabara kwenda kwake.

Alimwambia mama ukweli wote. Mama alicheka mpaka akakohoa, kwa sababu aliona kichekesho cha kumpongeza mtu kwa kufua nguo za hewa. Baada ya kucheka akamshika binti yake mkono. Alisema hana hasira na mtu, ila yeye ni mzee, na asubuhi akiamka lazima apate wa kumwamkia, hata awe mgomvi. Angebaki kwenye moshi wake. Vyombo atavidai kimoja kimoja, majirani zake si wabaya, watamrudishia. Mkunga hakumbembeleza tena. Alifunga mlango wa kile chumba chenye jua na akawa anakipita bila kukitazama.

Miezi iliyofuata ilikuwa migumu. Jioni taa ziliendelea kuwaka mtaa mzima kwa wakati mmoja, na sasa kwa kuwa alijua, ziliwaka kwa dharau. Alijifunza kuzipa mgongo. Wakati mwingine alibaki hospitalini baada ya zamu, anakaa kati ya vitanda bila kazi, mpaka wauguzi wenzake wakamuuliza kama ana deni la kulala huko. Alimkumbuka fundi na alijikasirikia kwa kumkumbuka. Alikuwa amempenda, hilo halikuwa la kubishana, na kumpenda hakukumpunguzia hasira.

Siku moja jioni nyumba ya mbele haikuwaka. Wala ya kona. Mkunga akasimama dirishani katika giza la mapema. Mtaa ulikuwa mtupu, na safari hii haukudanganya. Simu ikaita, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile akaipokea.

"Nimeziondoa swichi zote za mtaa wako," fundi alisema. "Nimemwambia meneja kwa nini. Sina kazi tena pale."

"Utaishije?"

"Miji miwili ina nyaya mbovu za kutosha. Sikupigii kwa hilo. Niko mlangoni kwako. Naomba unifungulie, niseme jambo moja nikiwa nimekutazama."

Alimfungulia, lakini hakumkaribisha ndani. Fundi alivaa lile lile shati jeupe, na safari hii pasi ilikuwa imempita kando. Alisema anampenda. Alisema hatamdanganya tena hata kwa jambo la kumfurahisha, hasa la kumfurahisha. Alitaka wafunge ndoa. Angehamia kwake hata kesho, na asingesikia ndala zake peke yake tena.

Mkunga alimtazama hadi macho yakamjaa. Alitaka kusema ndiyo, neno lilikuwa karibu kabisa. Kisha akatazama nyuma ya bega la fundi, zile nyumba zenye giza.

"Ukihamia kwangu, tutakuwa wawili kwenye nyumba moja, na barabara itabaki vile vile," alisema. "Mama yangu atakuja kumwamkia nani?"

"Kwa hiyo unakataa."

"Sijakataa. Nimekosa mume kwa muda, hilo nimelizoea. Nilichokosa zaidi ni jirani. Ulinipa jirani wa uongo, nipe wa kweli. Kaa pale mbele. Ukae, upike, uugue, uamke na nywele mbaya. Nikikuzoea hivyo, uniulize tena."

Fundi alipinga kidogo, akisema ni mtu wa kwanza duniani kuposa na kupewa barabara ya kuvuka. Mkunga alitabasamu, jambo ambalo hakulikusudia. Fundi akampata mwenye ile nyumba kwa simu, bwana aliyekuwa nchi ya mbali na hajawahi kuiona, naye akafurahi kupata mpangaji wa kumwangalizia mali yake. Fundi alihamia na godoro, jiko, sufuria, ngazi, na redio kuukuu ya marehemu baba yake.

Sitasema kwamba mtaa ulijaa. Hakuja mtu mwingine mwaka ule. Mama alikubali kuja kulala siku za mwisho wa wiki tu, kwa majaribio, na Jumatatu alirudi kwenye moshi wake akiwaza wajukuu.

Jumapili moja mchana mama alikuwa hajaja, na mkunga alikuwa amelala baada ya zamu ndefu. Akaamshwa na redio. Fundi alikuwa anatengeneza kitu uani, na redio ilikuwa inapiga kelele za mpira, mtangazaji anafoka, watu wanashangilia. Mkunga alivumilia, akajifunika mto, akashindwa. Akavaa ndala, akavuka barabara na nywele zake mbaya, akagonga kwa kiganja.

Fundi akafungua, kashika bisibisi.

"Jirani," mkunga akasema, "mwenzako nimetoka zamu. Punguza hiyo redio."

"Samahani, jirani. Sikujua umelala."

"Basi sasa umejua."

Fundi akaenda kuipunguza, akarudi mlangoni, lakini mkunga alikuwa amekwisha geuka. Alirudi nyumbani, akafunga mlango, akajilaza. Nyumba ilikuwa kimya. Alisikia maji yakidondoka bafuni, akasikia upepo dirishani, akasikia kwamba zaidi ya hapo hapakuwa na kitu, mtaa mzima, hadi barabara kuu. Alivumilia hilo pia, na hilo nalo likamshinda.

Akavaa ndala tena. Fundi alikuwa bado amesimama mlangoni pake, anatazama upande wa nyumba yake.

"Ongeza kidogo," mkunga akamwambia.